Mafunzo Niliyopata Nikichambua Jenomu za Malaria kwa Ukokotoaji Sambamba

Jenomu ya Plasmodium falciparum, kimelea cha malaria kinachoua watu wengi kuliko wenzake, ni fupi: herufi kama milioni 23 katika kromosomu 14. Ya binadamu inapita bilioni 3. Anayesikia tofauti hiyo hudhani sisi tunaochambua malaria tuna kazi nyepesi. Lakini kimelea hakiji peke yake. Kinakuja ndani ya tone la damu ya mtoto aliyetobolewa kidole zahanati, tone lililokaushwa juu ya karatasi ya kuchujia, na humo vinasaba vya mtoto huwa vingi kuliko vya kimelea mara nyingi. Mashine ya kusoma vinasaba haichagui. Inatoa mamilioni ya vipande vifupi, vya herufi 150 hivi, vyote vimechanganyika. Kompyuta ndiyo inayopaswa kuvitambua vya mtoto na kuvitoa, kuvipanga vya kimelea mahali pake kwenye jenomu rejea, kisha kutafuta herufi zilizobadilika.

Kasi ya kazi hiyo si jambo la fahari. Mwaka 2020 ulichapishwa ushahidi kwamba badiliko liitwalo R561H, kwenye jeni ya kelch13, limeota mizizi Rwanda. Badiliko hilo huvifanya vimelea vichelewe kufa mbele ya artemisinini, kiungo kikuu cha dawa mseto tunayoitegemea. Baadaye likaonekana Kagera, upande wetu wa mpaka. Kaskazini mwa Uganda yameonekana mengine, A675V na C469Y. Watu wa udhibiti wa malaria wanapouliza "limefika wapi?", wanataka kujua dawa gani ipelekwe wilaya gani. Fedha, vibali na barabara haviko mikononi mwangu. Muda wa kompyuta uko, na haya ndiyo niliyojifunza nikijaribu kuupunguza.

1. Pima kabla ya kuomba mashine kubwa

Mazungumzo ya kuharakisha uchambuzi huanza na ombi la seva mpya karibu kila mahali nilikofanya kazi. Mimi siku hizi naanza na saa. Kila hatua naiandikia muda iliotumia, kumbukumbu iliyochukua, na kiasi cha data ilichosoma na kuandika kwenye diski. Jedwali hilo dogo hubadilisha mazungumzo yote, kwa sababu hatua inayolaumiwa na kila mtu mara nyingi siyo inayokula muda.

Kijana mmoja aliyekuja kwetu kujifunza aliniuliza, "Dada, mbona viini vyote 32 vya prosesa vimeshikwa na faili la matokeo halikui?" Nikamwambia, "Angalia ile safu ya kusubiri, mdogo wangu." Viini vilikuwa vimeshikwa kweli, lakini sehemu kubwa ya muda wake ilikuwa ni kungoja diski ilete data. Kuongeza viini pale kungeongeza idadi ya wanaongoja tu. Hatua hiyo ilipona kwa kubadilisha mahali pa kusomea mafaili, bila kununua kitu.

2. Gawa kwa sampuli kwanza

Upangaji wa vipande vya mtoto wa Muleba hauhitaji kujua lolote kuhusu vya mtoto wa Karagwe. Kazi mbili zisizohitajiana namna hiyo zinaweza kwenda sambamba bila kuzungumza, na hakuna ugawaji wenye faida kubwa kuliko huo kwa jasho dogo. Ukiwa na sampuli 400 na nafasi ya kuendesha 20 kwa wakati mmoja, umeshapunguza muda wa hatua hiyo karibu mara 20 kabla hujaandika mstari wowote wa msimbo mgumu. Programu rahisi kama GNU Parallel, iliyotungwa na Ole Tange, inatosha. Nawaona vijana wenye akili nyingi wakiingia moja kwa moja kwenye mambo ya nyuzi (njia sambamba ndani ya programu moja) na ujumbe kati ya prosesa, ilhali tunda limening'inia chini kabisa.

3. Kromosomu hazilingani, na iliyo ndefu ndiyo inayoamua

Sampuli zikishapangwa, hufika hatua ya kubaini mabadiliko kwa sampuli zote pamoja. Hapo huwezi tena kugawa kwa mtoto. Unagawa jenomu yenyewe. Wazo la kwanza la kila mtu ni kromosomu moja kwa kila kiini: kromosomu 14, viini 14, kasi mara 14.

Haiwi hivyo. Kromosomu ya 1 ya P. falciparum ina herufi kama laki sita na nusu. Ya 14 ina kama milioni 3.3. Wanaolima kwa msaragambo hawarudi nyumbani mpaka aliyepewa mstari mrefu amalize, na hapa mstari mrefu ni kama sehemu moja ya saba ya shamba zima. Kwa hiyo hata ukiweka viini 14 au 140, ugawaji wa kromosomu hautakuvusha kasi ya mara saba hivi. Kwa binadamu hali ni ileile: kromosomu ya 1 peke yake ina herufi karibu milioni 249, takriban asilimia 8 ya jenomu, hivyo ukomo wako ni kama mara 12.

Dawa ni kukata jenomu vipande vingi vidogo, vingi kuliko viini ulivyo navyo, kila kiini kikimaliza kimoja kichukue kingine. Lakini urefu sawa haumaanishi uzito sawa, na hapa ndipo biolojia inapoingia. Kimelea hiki kina jeni kama 60 za familia iitwayo var, nyingi zikiwa karibu na ncha za kromosomu. Ndizo zinazotengeneza protini inayobadilishwabadilishwa na kimelea ili kinga ya mwili isikitambue. Zinafanana kwa sehemu, zinatofautiana kwa sehemu, na hutofautiana sana kati ya kimelea na kimelea. Programu ikifika huko inapata vipande vinavyokaa mahali kumi au visivyokaa popote, na inajaribu kila uwezekano. Kipande kimoja cha nchani kinaweza kula muda kuliko vipande kadhaa vya katikati.

Wachambuzi wengi huzitenga ncha hizo kwa sababu matokeo yake hayaaminiki sana. Ukizihitaji, zitangulize kwenye foleni. Kazi nzito ikianza mwanzoni, nyepesi zitajaza mapengo pembeni yake. Ikianza mwishoni, mashine nzima itakaa ikiitazama. Na unapokata, acha vipande vipishane kwa herufi mia kadhaa mpakani, kwa kuwa programu inahitaji kuona pande zote mbili za badiliko ili ilihukumu. Baada ya hapo toa yaliyojirudia.

Najua wahandisi wazuri sana wa kompyuta ambao hawangeweza kuharakisha hatua hii kwa sababu hawakuijua familia ya var, na wanabiolojia ambao hawakujua kwamba mpangilio wa foleni ni sehemu ya utafiti wao. Wakae meza moja.

4. Hesabu ya Amdahl haikwepeki

Mwaka 1967 Gene Amdahl alitoa hoja ambayo bado ninaiandika ubaoni kila ninapofundisha. Chukua kazi ya saa 20, ambapo saa 18 zinagawanyika na saa 2 hazigawanyiki. Ukiweka viini 18, zile 18 zinakuwa saa moja, na jumla ni saa 3. Ukiweka viini 180, mara kumi zaidi, jumla ni saa 2 na dakika 6. Umetafuta vifaa mara kumi ili uokoe dakika 54. Hata ungekuwa na viini vya dunia nzima, hushuki chini ya saa 2.

Kwa hiyo swali lenye maana ni: zile saa 2 ni za nini? Kwetu sehemu kubwa ilikuwa ni kuunganisha mafaili na kuyabana. Ubanaji wa kawaida wa gzip huandika mkondo mmoja mrefu, ambapo kila sehemu hutegemea iliyotangulia, hivyo kiini kimoja hufanya kazi na vingine vyote vinatazama. Watu wa jenomu walishalitatua hilo kwa muundo uitwao BGZF, ambao hukata data katika bloku zisizozidi kilobaiti 64 na kubana kila bloku peke yake. Bloku zikiwa huru, viini vingi vinaweza kubana au kufungua kwa pamoja. Faida ya pili ni kubwa zaidi: ukiwa na faharasa, unaweza kuruka moja kwa moja hadi kelch13, kwenye kromosomu ya 13, bila kufungua faili lote. Programu ya Samtools inaufahamu muundo huo na inakubali nyuzi za ziada kwa kuongeza alama moja kwenye amri. Alama hiyo moja ilitupa nafuu kuliko nusu ya vifaa tulivyokuwa tumepanga kuomba.

5. Kumbukumbu huisha kabla ya viini

Ili kuvitambua vipande vya mtoto na kuvitoa, tunavipanga kwenye jenomu ya binadamu. Hatua hii ni ya lazima kisayansi, na pia ni ya heshima: mzazi aliridhia damu ya mwanawe ichunguzwe malaria, hakuridhia vinasaba vya mwanawe vizunguke duniani. Programu ya BWA, iliyotangazwa mwaka 2009 na Heng Li na Richard Durbin, hufanya upangaji huo kwa kupakia faharasa ya jenomu nzima ndani ya kumbukumbu. Kwa binadamu hiyo ni gigabaiti 6 hivi.

Sasa piga hesabu. Ukianzisha programu 32 kwa pamoja, moja kwa kila kiini, na kila moja ikapakia faharasa yake, unahitaji gigabaiti 192. Seva yenye 128 itaanza kutumia diski kama kumbukumbu na kila kitu kitatambaa, au mfumo utaanza kuziua programu moja moja. Lakini nyuzi za programu moja hushiriki faharasa moja. Programu 4 zenye nyuzi 8 kila moja zinatumia viini vilevile 32, na faharasa zake ni gigabaiti 24 tu. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema nyuzi nyingi ni bora daima au programu nyingi ni bora daima. Jibu linatokana na ukubwa wa kile kinachopakiwa.

6. Usiandike diskini usichokihitaji

Matokeo ya upangaji yanaweza kwenda moja kwa moja kwenye programu ya kupanga mfuatano bila kuandikwa diskini kwanza. Mafaili ya muda yakae kwenye diski ya ndani ya mashine inayofanya kazi, si kwenye hifadhi ya pamoja ambayo watu wote wanaivuta. Na epuka kuzalisha mamilioni ya mafaili madogo. Hifadhi ya pamoja huchoka kwa idadi yake kabla ya kuchoka kwa uzito wake.

7. Sambamba iko hata ndani ya kiini kimoja

Hili ndilo fundisho ninalolipenda kuliko yote, na nimelipata kwenye upande wa vinasaba vya watu, tulipokuwa tukitafuta tofauti za kijenetiki zinazowakinga baadhi ya watoto dhidi ya malaria kali. Kingamwili haitoshi kueleza hilo. Jeni ya selimundu, kwa mfano, humlinda aliyeirithi kutoka kwa mzazi mmoja tu.

Kwa kila mahali panapochunguzwa, mtu ana hali tatu: hana nakala ya herufi iliyobadilika, anayo moja, au anazo mbili. Ongeza hali ya nne, data haipo. Hali nne zinaingia kwenye biti mbili. PLINK, programu iliyoasisiwa na Shaun Purcell na kutangazwa mwaka 2007, ilihifadhi data hivyo: watu wanne katika baiti moja. Toleo lililoandikwa upya na Christopher Chang na wenzake, lililotangazwa mwaka 2015, lilikwenda mbele zaidi na kufanya hesabu zenyewe juu ya biti hizo. Neno la kompyuta lenye biti 64 linabeba watu 32, na kwa amri chache prosesa inawalinganisha wote 32 kwa mpigo.

Hakuna seva mpya hapo, wala nyuzi wala foleni. Kuna mtu aliyekaa akajiuliza taarifa hii kwa hakika inahitaji nafasi kiasi gani. Uchambuzi uliokuwa unaachwa usiku kucha unaweza kuisha kabla chai haijapoa. Tangu hapo, kabla ya kugawa kazi kwa mashine nyingi, nauliza kama kazi yenyewe imeandikwa vizuri kwa mashine moja.

8. Umeme utakatika, panga kwa ajili ya hilo

Uchambuzi unaodumu usiku mzima utakutana na kukatika kwa umeme, diski kujaa, au mtu kuizima seva kwa nia njema. Kazi iliyogawanywa vipande 500 ina nafasi 500 za kukatika katikati. Lililo baya zaidi ya kukatika ni faili nusu linalofanana na faili kamili. Kwa hiyo kila hatua kwetu huandika kwa jina la muda, na jina la kweli hutolewa baada ya hatua kuisha salama. Mifumo kama Snakemake, iliyotangazwa mwaka 2012, na Nextflow, iliyotoka kituo cha utafiti wa jenomu cha Barcelona, hukumbuka hatua zilizokwisha na kuendelea pale kazi ilipokatikia. Vikisalia vipande 12, vitaendeshwa 12. Kwa mazingira yetu hili ni la lazima kuliko kasi yenyewe.

9. Hakikisha jibu ni lilelile

Kasi inayobadilisha matokeo haina thamani kwa mtu anayesubiri kujua dawa ya kutoa. Kompyuta ikijumlisha namba za desimali kwa mpangilio tofauti, tarakimu za mwisho zinaweza kutofautiana, na viini vingi havimalizi kwa mpangilio uleule kila mara. Tofauti ndogo kama hiyo kwa kawaida haina madhara, ila badiliko lililo mpakani mwa kukubaliwa na kukataliwa linaweza kuvuka mpaka.

Hatari iliyojificha zaidi iko kwenye namba za bahati nasibu. Tuseme unataka kuchanganya data mara 10,000 ili ujue kama uhusiano ulioupata ungeweza kutokea kwa bahati, na umevigawia viini 10, michanganyo 1,000 kila kimoja. Viini vyote vikianza na mbegu moja, yaani namba ileile ya kuanzishia, vitatoa michanganyo ileile 1,000. Ripoti itasema 10,000, ukweli ni 1,000 iliyorudiwa mara kumi, na hakuna ujumbe wa kosa utakaojitokeza. Kila kiini kipewe mbegu yake, na mbegu zote ziandikwe kwenye kumbukumbu za uchambuzi ili mwingine aweze kurudia.

Kwetu kuna sampuli chache za majaribio ambazo majibu yake tunayajua. Kila tunapobadilisha namna ya kugawa kazi, zinapita kwanza kwa kiini kimoja, halafu kwa vingi, na mafaili mawili yanalinganishwa mstari kwa mstari.

10. Jozi huongezeka haraka kuliko sampuli

Swali gumu zaidi tunaloulizwa kuhusu R561H ni asili yake. Limetoka Asia ya Kusini-Mashariki, ambako usugu wa artemisinini ulianzia, au limezaliwa hapa? Utafiti wa Rwanda uliangalia herufi zinazoizunguka jeni na kuonyesha kwamba vimelea vile ni vya ukoo wa Afrika. Kwa kila sampuli mpya swali linarudi, na jibu linapatikana kwa kulinganisha kimelea na kimelea. Mkusanyiko wa wazi wa MalariaGEN uliotangazwa mwaka 2023, Pf7, una sampuli 20,864 kutoka nchi 33. Kulinganisha kila moja na kila nyingine ni jozi zaidi ya milioni 217, na ukizidisha sampuli mara mbili jozi zinakuwa karibu mara nne. Hakuna bajeti ya vifaa inayoweza kukimbizana na hesabu hiyo.

Kwa hiyo tunakata kabla ya kugawa. Tunachukua dirisha la kromosomu ya 13 linaloizunguka kelch13, si jenomu nzima. Vimelea vyenye mfuatano uleule kabisa ndani ya dirisha vinahesabiwa kuwa kundi, na kimoja kinawakilisha vyote. Herufi zinahifadhiwa kwa biti, na jedwali la jozi linakatwa mraba kwa mraba, kila mraba ukiingia kwenye kumbukumbu ya kiini kinachoushughulikia. Kwa sampuli mpya za wilaya hatulinganishi upya zile za zamani. Tunalinganisha mpya na za zamani, na mpya zenyewe kwa zenyewe. Hatua inayotusumbua sasa ni vimelea mchanganyiko, pale mtoto mmoja anapokuwa na aina mbili au tatu za vimelea kwa wakati mmoja, jambo la kawaida mahali malaria ni nyingi. Kuzitenganisha aina hizo kunakula muda kuliko hatua nyingine yoyote iliyobaki, kila sampuli ina uzito wake, na uzito huo haujulikani mpaka kazi ianze. Tumeanza kuipa foleni yake yenyewe, zenye data nyingi zikitangulia.